Kibati cha Elkanah na Boma la Wakwe

Walipoiacha lami karibu na Mukumu, pikipiki ilianza kurukaruka kama mbuzi aliyekata kamba, na mgeni aliyeketi nyuma akaacha kuuliza maswali. Elkanah alishukuru kimoyomoyo. Tangu watoke Shirere, mgeni alikuwa akiuliza jina la kila kitu: mti ule unaitwaje, kilima kile ni cha nani, mbona yule mama amefungua mwavuli na hakuna wingu hata moja. Alikuwa mtu wa kuzunguka dunia na begi moja mgongoni, mwenye Kiswahili alichookota bandari hii na stendi ile, na kwa jinsi Elkanah alivyomwelewa, kazi yake ilikuwa kufika mahali asipopajua na kushangaa. Huku hakuwahi kufika, na alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa bidii.

Elkanah alizima pikipiki penye migomba ya kwanza, akaisukuma kwa mkono.

"Mafuta yameisha?" mgeni aliuliza.

"Hapana. Hapa ni kwa wakwe zangu. Mama mkwe akisikia pikipiki atatoka nje, na akitoka mimi nitalazimika kuingia kwenye mahindi."

Mgeni alicheka, akidhani ni utani. Elkanah hakucheka. Mwezi uliopita alikuwa ameingia kwenye mahindi mara mbili, na mara moja mahindi yalikuwa bado hayajafika magotini.

Huyu Elkanah ni fundi wa nguo. Kibanda chake kiko Shirere, katikati ya vyumba vya kupanga vya wanafunzi, lakini wanafunzi hawamletei kazi zaidi ya zipu na kupunguza suruali. Riziki yake ni sare za shule. Ni mtu mnene, mpole, anayetembea kwa kunyata kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala, na mke wake Nabwire husema unyataji huo aliupata kwa kuoa kwao. Wengine mjini wameshaacha mambo hayo ya kumkwepa mama mkwe. Kuna wanaume Kakamega wanaokumbatiana na mama wakwe zao kanisani hadharani, na mbingu hazijaanguka. Lakini Mama Wandera, mama yake Nabwire, hajaacha. Hampi mkwe mkono, haketi naye, hali naye, wala hasemi naye uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja hupisha, na kwa kuwa Mama Wandera hajawahi kumpisha mtu yeyote, anayepisha ni Elkanah.

Mgeni alikuwa amempata kibandani siku moja kabla. Elkanah alikuwa anashona kola alipomwona mtu ameinama penye kalvati, simu mkononi, akipapasa chini ya zege huku akijifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Elkanah alitambua mara moja. Alitoka nje na kumwambia apeleke mkono kushoto zaidi, nyuma ya jiwe bapa. Mgeni alitoa kikopo kidogo cha plastiki, akaandika jina lake kwenye kikaratasi kilichomo, akakirudisha, na tangu dakika ile wakawa marafiki.

Huo ndio mchezo wenyewe, na wachezaji wake wako kila nchi. Mtu anaficha kibati chenye karatasi, anaweka mahali pake kwenye ramani ya mtandaoni, na wengine wanakuja na simu zao kukitafuta. Ukikipata unaandika jina, unakirudisha, unaenda zako umefurahi. Hakuna zawadi. Mgeni alikuwa amepapasa chini ya madaraja ya Porto, kwenye kuta za makaburi Tbilisi na nyuma ya choo cha stesheni moja ya treni Bolivia, na mahali pote, alisema, alikutana na watu wazima wenye akili zao wakijifanya wanafunga viatu.

Elkanah aliingia kwenye mchezo kwa mlango wa nyuma. Miaka kadhaa iliyopita, akifukua kalvati ili maji ya mvua yasiingie kibandani, alikuta kikopo kimefungwa vizuri, na ndani yake orodha ya majina ya watu asiowajua, mengine ya Kizungu, kila moja na tarehe. Aliweka sururu chini. Wateja walikuwa wamepungua mwezi ule, na sasa alijua sababu. Alikipeleka kikopo kwa mchungaji kikiwa kimeshikwa kwa koleo la mkaa. Mchungaji alikiombea, akina mama wa kanisa walikizunguka wakiimba, na kilikuwa karibu kutiwa moto wakati Wandera, shemeji yake, alipofika mbio akihema. Kikopo kilikuwa chake. Wandera anauza kava za simu mjini na ana maneno mengi kuliko kava. Aliwaeleza waumini mchezo mzima, akawaonyesha ramani kwenye simu. Waumini hawakuelewa, ila Elkanah alielewa. Wiki ile ile alikwenda kutafuta kibati msituni, akakipata, na furaha aliyoipata, alimwambia Nabwire, ilikuwa sawa na ya siku mteja alipolipa bila kuulizwa.

Tangu hapo amepata vibati vingi. Lakini kupata ni jambo moja na kuficha ni jingine. Kwenye ramani, jina la Elkanah lilikuwa kila mahali kama mtu aliyepita, na halikuwa popote kama mwenyeji. Wandera alikuwa na vibati vyake kadhaa na hakukosa kumkumbusha. "Wewe shemeji ni mgeni wa kudumu," alikuwa akimwambia. Na Jumapili hii wachezaji wa Kisumu na Eldoret walikuwa wanakuja Kakamega kuzunguka pamoja kutafuta vibati. Elkanah alitaka kitu kimoja tu: siku hiyo wakutane na kibati kilichoandikwa jina lake. Ilikuwa Ijumaa. Maombi yake ya kusajili kibati yalikuwa yameshakataliwa mara mbili.

"Kwa sababu gani?" mgeni aliuliza.

"Ati kiko karibu mno na kingine."

Maana mchezo una sheria ya umbali. Kibati kipya hakiruhusiwi kukaa chini ya mita mia na sitini na moja kutoka kibati kilichotangulia, ili wasije watu wakajaza vibati kila baada ya hatua mbili na mtafutaji akapata kimoja akidhani ni kingine. Mkaguzi anayekubali au kukataa ni mtu wa kujitolea, yuko ng'ambo huko, na Elkanah hakumjua zaidi ya jina lake la mtandaoni na tabia yake ya kumwandikia kwa upole kabisa kwamba hapana.

"Na ulipima?"

Swali hilo lilimwuma Elkanah kidogo. Kumwuliza fundi kama alipima. Alifungua mfuko uliofungwa nyuma ya pikipiki, akatoa bunda la utepe kubwa kama kichwa cha kabichi. Alikuwa ameushona mwenyewe kwa vipande vya sare vilivyobaki: hudhurungi ya shule moja, kijani ya nyingine, buluu, kijivu, kila kipande mita moja ya fundi, vipande mia na sitini na moja, na mshono wa mwisho akaupiga mara mbili kwa ajili ya heshima. Kwa utepe huo alikuwa amepima kutoka kibati cha Wandera, kilichoko kisimani chini kabisa, hadi kisiki cha mkaratusi juu ya mteremko, alikoficha chake. Utepe wote uliisha akiwa bado hajafika kisikini. Ilimbidi aendelee kwa macho.

Kisiki kilikuwa lazima kiwe kile. Siku alipokuja kuposa, akiwa ndani ya suti aliyojishonea mwenyewe kwa siku tatu, wazee wake waliingia ndani kujadiliana na yeye akaambiwa asubiri nje. Alisubiri juu ya kisiki hicho kuanzia asubuhi hadi kuku walipoanza kupanda kulala. Gundi ya mti ikaingia kwenye suruali na haijatoka hadi leo. Hakuna mahali pengine Kakamega, alimwambia mgeni, ambapo amewahi kukaa muda mrefu hivyo bila kazi mikononi.

Walipofika kisikini, mgeni alitoa simu yake, akaitazama, akaiinua, akaigeuza. Kisha akatazama chini kwenye mteremko. Kisima kilionekana kabisa, na akina mama wawili wakijaza mitungi.

"Hapa inasema mia moja na kumi na nane," alisema.

"Simu huruka chini ya miti."

"Hakuna mti hapa. Kuna kisiki." Mgeni alikuna kidevu. "Ulipita wapi ulipokuwa unapima?"

Elkanah alimwonyesha kwa mkono. Kutoka kisimani utepe ulipanda na njia ya ng'ombe, ukazunguka shamba la mahindi, ukapita nyuma ya kinu cha posho, ukakata kulia kwenye migomba, ukapinda tena, ukatokea hapa. Mkono wake ulichora hewani kitu kama sikio.

"Na kwa nini hukupita katikati? Njia ya moja kwa moja ni hii." Mgeni alinyoosha kidole chini, na kidole kilielekea kwenye boma lenye nyumba ya mabati, jiko la udongo na ua uliofagiwa ukafagilika.

Elkanah alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakupita ndani ya kitanda cha askofu.

"Pale ni kwa mama mkwe."

"Najua. Lakini mkaguzi anapima moja kwa moja, kama ndege."

"Ndege hajaoa hapa," alisema Elkanah.

Ndipo ukweli ulipomwingia, na alikaa juu ya kisiki, akaongeza gundi kwenye suruali nyingine. Miaka yote ya ndoa yake, umbali kutoka kisimani hadi pale ulikuwa ni ule wa kuzunguka. Hakuwahi kuufikiria mwingine. Hata alipomwambia mtu "ni karibu" au "ni mbali," alikuwa akihesabu na mzunguko wa boma lile. Na kule ng'ambo ameketi mtu mbele ya ramani isiyo na mama mkwe hata mmoja.

Mgeni alipendekeza kibati kisogezwe nyuma. Nyuma ya kisiki kulikuwa na ua wa shule ya msingi, na karibu na shule hairuhusiwi, watu wazima wasiojulikana wakipapasapapasa kwenye ua wa watoto. Basi kisogezwe kando? Kando kote shamba la jirani, ambaye ana mbwa asiyependa michezo. Iliyobaki ilikuwa Wandera asogeze chake, na Wandera alikuwa ameshaombwa, akasema kibati chake kimesainiwa na watu wa mataifa tisa na hakiwezi kuhama kwa ajili ya fundi.

Mgeni, ambaye alipenda kuona kila kitu kwa macho yake, alisema ni afadhali wahakikishe kwa utepe. Yeye si mkwe wa mtu. Alishika ncha moja, Elkanah akashika nyingine kisikini, na mgeni akateremka moja kwa moja, akapita kwenye ua, utepe wa sare ukimfuata kama mkia wa sherehe. Alisalimia kuku. Alipita kati ya nyumba na jiko. Mbuzi aliyefungwa pale akaukamata utepe kwenye kipande cha kijani na kuanza kutafuna.

Mama Wandera alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko.

Sasa, katika sehemu hiyo ya dunia mtu akionekana anapima ardhi yako, huulizi kwanza. Mama Wandera alipiga yowe moja, na lilitosha. Majirani walitokea kwenye mahindi, mmoja na panga, mwingine na mtoto, na mzee mmoja akiwa na redio. Habari ilikuwa imeshafika kwao kabla hawajafika wenyewe: shamba la Mama Wandera linauzwa, mnunuzi amekuja mwenyewe, na anatumia utepe wa serikali.

Elkanah aliona yote kutoka kisikini. Alitaka kukimbilia chini kueleza na alitaka kukimbilia juu kujificha, na miguu ikashindwa kuamua. Mwishowe aliteremka hadi kwenye migomba iliyo mpakani mwa ua, akasimama nyuma ya mgomba mnene, akageuza uso pembeni.

Mama Wandera alimwona. Naye alijigeuza, mgongo ukaelekea migomba, na kuanzia hapo alizungumza na mgeni aliyesimama katikati, ingawa maneno yote yalikuwa yakiruka juu ya kichwa cha mgeni kwenda kwenye mgomba.

"Mulembe," alimsalimu mgeni. "Mwulize huyo aliye kwenye migomba, anapimanga nini kwangu?"

Mgeni aligeuka. "Anauliza unapima nini."

"Nimesikia," Elkanah alisema kwa sauti ndogo. "Mwambie mama shikamoo. Mwambie sipimi shamba. Napima vibati."

"Anasema anapima..."

"Nimesikia," alisema Mama Wandera. "Vibati vya nini?"

Ilichukua muda mrefu. Elkanah alieleza kwa mgomba, mgeni akarudia, Mama Wandera akauliza kwa mgeni, mgeni akarudia, na baada ya kitambo mgeni alichoka, akawa anageuza kichwa tu kama mtu anayetazama mpira wa meza. Majirani walikaa chini. Mwenye panga alianza kuchonga muwa. Walipofika kwenye sheria ya umbali, Mama Wandera aliegemea mwiko.

"Subiri," alisema. "Kibati hiki na kile haviruhusiwi kukaribiana."

"Ndiyo, mama," mgeni alisema.

"Hata kama havina ugomvi."

"Hata kama."

"Na kimoja kikimsogelea mwenzake, huko ng'ambo wanakataa."

"Wanakataa kabisa."

Mama Wandera alitikisa kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalainika. Kumbe, alisema, huko mbali kuna watu wenye adabu. Miaka yote anaambiwa na vijana wa hapa kwamba mambo ya kuheshimiana yamepitwa na wakati, na kumbe Wazungu wamekaa wakaandika. Kisha akafikiri kidogo.

"Waambie tu hizo mita ni chache. Waongeze."

Elkanah alijua kwamba hapo ndipo mambo yake yangesimama au kuanguka, kwa sababu Mama Wandera alikuwa ameshaanza kuhukumu. Aliuliza kibati gani kilitangulia. Cha Wandera. Akasema basi kilichotangulia ndiye mkubwa, na mdogo asimsukume mkubwa. Mgeni alimtazama Elkanah kwa huruma. Lakini Mama Wandera hakuwa amemaliza. Hicho cha Wandera kiko mahali gani hasa?

Elkanah alisita. Kumsema shemeji mbele ya mama yake si jambo dogo. Lakini Jumapili ilikuwa keshokutwa.

"Mwambie kiko kisimani. Kwenye ufa wa jiwe, chini ya bomba."

"Chini ya bomba ninapochotea maji ya kunywa?"

Nyuma ya mgomba, kichwa kiliitikia.

"Na hao watu wa mataifa tisa wanaingiza mikono hapo?"

Mgeni alikohoa na kusema, kwa faida ya ukweli tu, kwamba mchezo una sheria nyingine: mwenye ardhi aombwe ruhusa kwanza. Mama Wandera akageukia majirani, akawauliza kama kuna aliyewahi kumsikia Wandera akiomba ruhusa ya kitu chochote tangu azaliwe. Hakupatikana. Kisha akauliza, kwa mgeni, ni nani aliyempa ruhusa yule wa kwenye migomba kuhusu kisiki.

Elkanah alieleza kwamba alitaka sana kuomba, ila kuomba ni kusema, na kusema naye haruhusiwi.

Mzee wa redio alicheka hadi akazima redio. Mama Wandera hakucheka, lakini mabega yake yalitikisika, na alisema kwa mgeni kwamba hilo jibu ni la mtu aliyelelewa. Kisiki amepewa. Kisha akatoa simu kwenye kanga na kumpigia mwanawe.

Wandera alifika kutoka mjini na kava za simu bado zikining'inia shingoni. Alianza na mataifa tisa. Mama yake alimwacha ayataje yote, kisha akamwuliza ni taifa gani kati ya hayo linalonawa mikono. Baada ya hapo hakukuwa na mjadala. Wandera aliingia kisimani, akang'oa kibati chake, akavuka kijito nacho hadi kwenye nguzo ya ua wa kiwanja chake mwenyewe, akilalamika njia nzima. Mgeni alivuta utepe upya kutoka kisikini. Ulipita katikati ya ua, ukaingia dirisha la jiko na kutokea mlangoni kwa sababu jiko lilikuwa njiani na Mama Wandera alikataa lizungukwe, ukashuka kisimani, ukavuka maji. Ulipoisha, mshono wake wa heshima ukiwa mkononi mwa mgeni, nguzo ya Wandera ilikuwa bado mbele.

"Umeshinda, shemeji," Wandera alipaza sauti kutoka ng'ambo ya kijito. "Lakini kipande alichokula mbuzi umehesabu?"

Kilihesabiwa. Hata kikirudishwa, nguzo ilibaki mbele.

Kisikini mtandao ulikuwa mzuri. Wandera, kwa midomo iliyokunjwa, alibadilisha mahali pa kibati chake kwenye ramani, na Elkanah akatuma maombi kwa mara ya tatu, akiongeza chini kwamba ruhusa ya mwenye ardhi ipo, imetolewa mbele ya mashahidi na mbuzi. Alikaa akitazama simu. Chini, moshi ulianza kutoka jikoni, na majirani hawakuonyesha dalili ya kurudi makwao. Mgeni alikuwa ameshapewa kiti na kikombe cha chai.

Jibu lilikuja upesi kuliko alivyotarajia. Lilikuwa la upole kama yale mengine, ila halikuwa hapana. Elkanah alilisoma mara nne. Akafungua ramani, akaona alama mpya juu ya mteremko na jina lake chini yake, mwenyeji, na akajikuta amesimama juu ya kisiki bila kujua amepandaje.

Alimwonyesha mgeni kidole gumba kutoka mbali. Mgeni aliwatangazia watu. Wachache walipiga makofi, bila kujua hasa kwa ajili ya nini, na Mama Wandera akaweka mwiko chini, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Twende," alimwambia mgeni. "Nataka kukiona hicho kibati kilichonitoa jikoni. Na niandike jina langu kabla ya hao wa Eldoret."

Elkanah aliwaona wakianza kupanda mteremko, mama mkwe mbele, mgeni nyuma akiwa na kalamu. Katika mchezo huu, jina la kwanza kwenye karatasi mpya ndilo lenye utukufu wote, na mwenye kibati hutamani kuliona likiandikwa. Alijaribu kufikiri kama angeweza kusimama nyuma ya kitu. Kisiki kilikuwa kifupi. Alitoa kibati shimoni haraka, akakipangusa kwa shati, akakiweka juu ya kisiki mahali ambapo mtu mzima hatalazimika kuinama, kifuniko kikiwa kimelegezwa kidogo. Kisha alirukia pikipiki, akaiacha iteremke yenyewe upande wa pili bila kuiwasha, akipungia mkono nyuma bila kugeuka.

Mgeni alipofika juu, alikuta kibati kinang'aa na gundi mbichi yenye alama ya suruali. Mama Wandera alishika kalamu, akauliza kama karatasi ile imeguswa na yule mtu. Mgeni alisema anadhani imeguswa. Mama Wandera alifikiri, akazungushia vidole ncha ya kanga, na akaandika hivyo hivyo, herufi kubwa, jina lake lote na la baba yake. Kisha akamwambia mgeni kwamba obusuma, ugali wa nyumbani, umeiva na hakuna mtu anayeondoka.